MWANAMKE ALIYEKATAA KUPIGWA FILAMU

SEHEMU YA KWANZA

"Mishumaa! Ondoa mishumaa!" Babu alifoka, na kabla sijanyanyuka kitini alikuwa ameshaizima yote miwili kwa vidole na kuirusha uani kupitia dirisha.

Tukabaki gizani watu watatu: mimi, Babu na Mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika. Mezani palikuwa na kopo la bati, kifuniko wazi. Umeme ulikuwa wa mgao, mtaa wote wa Majengo kiza, na nilichokisikia ni pumzi za Babu tu, mzee aliyeendesha projekta ya sinema hapa Moshi tangu enzi za Raj Kapoor, mtu ambaye sikuwahi kumwona akiogopa kitu.

"Kuna nini, Mzee wangu?" Mwenyekiti aliuliza.

"Sijajua bado. Ndiyo maana naogopa. Mjukuu wangu, lete tochi."

Kopo lile lilikuwa limeshuka kutoka mlimani mchana huohuo. Mvua za El Nino, zile zilizoanza kumwagika mwishoni mwa 1997 na kutuingiza 1998 tukiwa tumeloa, zilikuwa zimeozesha dari ya nyumba ya zamani ya shamba, chini kidogo ya Kibosho ukielekea Uru. Nyumba hiyo aliijenga Mgiriki mmoja, mkulima wa kahawa. Serikali ilipotaifisha mashamba makubwa ya kahawa ya Kilimanjaro mwaka 1973 na kuyakabidhi kwa vyama vya ushirika, Mgiriki akaondoka, na nyumba ikawa ofisi na stoo ya pembejeo. Fundi aliyepanda kubadilisha mbao alilikuta kopo limesukumwa ndani kabisa kwenye pembe ya paa, limeviringishwa turubai na kufungwa kamba ya mkonge. Juu ya kifuniko palikwaruzwa neno moja kwa msumari: ISADORA.

Fundi angelitupa jalalani. Mwenyekiti ndiye aliyetambua kwamba ni mkanda wa sinema, na akamkumbuka Babu. Lakini kabla hajashuka mjini, habari zilikwishamfikia mtu mwingine: Dalali mmoja wa Arusha anayenunua vitu vya kale, kuanzia sarafu za heller za Mjerumani hadi saa za ukutani za misheni. Alipiga simu Ulaya. Siku iliyofuata akafika shambani na gari safi na bunda la karatasi za faksi, akamwambia Mwenyekiti kiasi ambacho kingetosha kuezeka ofisi upya, kununua mashine ya kumenyea kahawa, na chenji ikabaki.

Faksi hizo nilizisoma mimi kwa niaba ya wazee, na kwa kweli zilinishika. Isadora Duncan alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1877. Wakati wachezaji wa jukwaani Ulaya walikuwa wakibanwa kiuno na kusimama juu ya ncha za vidole ndani ya viatu vigumu, yeye alivua viatu. Akacheza pekupeku, amevaa kitambaa chepesi kama sanamu za Wagiriki wa kale, akasema mwili ufuate pumzi na mawimbi. Mwaka 1904 alifungua shule ya mabinti Berlin. Alifariki Septemba 1927 mjini Nice, Ufaransa, skafu yake ndefu iliponasa kwenye gurudumu la gari alilopanda. Wanaofundisha aina hiyo ya dansi hadi leo wanamwita mama yao. Na mama huyo hakutaka kupigwa filamu. Kinachojulikana kubaki ni sekunde chache tu: mwanamke anazunguka bustanini, watu wenye kofia wanatazama, kisha makofi. Hata sekunde hizo watu wamebishania ni yeye au siye.

Sasa fikiria rili mbili nzima zenye jina lake, darini Kibosho.

Babu alivaa glovu zake nyeupe za pamba. Akavuta mkanda kiasi cha urefu wa mkono, akaushika kwa kingo, akauinua mbele ya mwanga wa tochi. Mimi nafanya kazi studio ya picha karibu na mnara wa saa, negativu nimezizoea, lakini pale nilisahau kupumua. Kila fremu haikuzidi ukubwa wa stempu. Ndani yake mwanamke amegeuka, mgongo kwetu, mguu wa kushoto umeinuka, na kitambaa chake kimechelewa: mwili umeshafika upande huu, nguo bado iko ule. Fremu inayofuata, nguo imekaribia. Inayofuata, imemfunika uso.

"Usitazame picha," Babu alisema. "Tazama ukingo, pale penye matundu. Soma."

Akaanza kunieleza huku mkono ukimtetemeka. Zamani mikanda ya sinema ilitengenezwa kwa nitreti. Ni kitu kinachokaribiana na baruti. Kikishika moto hakihitaji hewa ya nje, kinajitengenezea yake. Ukikitosa majini kitaendelea kuwaka chini ya maji. Moshi wake ni wa njano, na mtu akiuvuta mapafu yanaharibika. Na kadiri kinavyozeeka ndivyo kinavyoshika moto kwa joto dogo zaidi. Sinema nyingi duniani ziliungua kwa sababu hiyo, watu wakiwa ndani.

Nikasogeza jicho. Herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa. Nikazisoma moja moja, kwa sauti.

"N. I. T. R. A. T. E."

Mwenyekiti alirudi nyuma hadi ukutani. Babu akaanza kuuviringisha mkanda taratibu, kama mtu anayemrudisha mtoto mchanga kitandani. Kisha akasita. Akaangalia ndani ya kopo.

"Ulileta rili ngapi?"

"Mbili," Mwenyekiti alijibu.

"Mbona naona moja?"

Kutoka chumba cha nyuma, pale Babu alipohifadhi projekta aliyoinunua sinema ilipofungwa, Baba Mdogo aliitikia kwa furaha: "Ya pili ninayo, Baba! Nimeshaipachika kwenye mashine, na swichi nimewasha. Tunangoja umeme tu!"

Papo hapo taa zote za Majengo zikawaka.

ITAENDELEA

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Rili ya pili iko ndani ya projekta, ukingo wa mkanda umeandikwa NITRATE, na umeme umerudi.

INAENDELEA

Babu alikimbilia swichi kuu iliyokuwa nyuma ya mlango wa mbele. Mimi nilikimbilia chumba cha nyuma. Sijui nilitaka kufanya nini huko. Miguu ilikwenda yenyewe.

Nilipoingia, ukuta ulikuwa umejaa mwanamke. Alikuwa akicheza kwa kasi ya ajabu, mikono ikirukaruka kama ya mtu anayefukuza nyuki, kwa sababu mkanda uliopigwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, fremu kama 16 kwa sekunde, ulikuwa ukikimbizwa fremu 24. Baba Mdogo alikuwa amesimama kando, mdomo wazi, akicheka kwa mshangao. Kisha mashine ikakwama. Mwanamke akaganda ukutani, uso ukiwa nusu umegeuka. Kifuani mwake likachomoza doa la kahawia, likachemka, likatanuka.

Giza. Babu alikuwa amefika kwenye swichi.

Tulisubiri mlipuko. Baba Mdogo alikuwa amenikumbatia kichwa. Nilihesabu mapigo ya moyo wangu nikaacha. Hakikuwaka kitu. Badala yake chumba kikaanza kunuka harufu kali, ya kukwaruza pua, ambayo kila mpishi wa kachumbari anaijua.

"Siki," Babu alisema mlangoni. Akaketi sakafuni palepale, mgongo ukutani. "Ni siki. Mungu ametusitiri. Ingekuwa nitreti, saa hizi hatuongei."

"Lakini kumeandikwa nitreti," nilisema. "Nimesoma mwenyewe."

"Umesoma sawasawa. Kesho utasoma tena."

Asubuhi tulijifungia studio, chumba cha giza, mimi na yeye. Tajiri wangu alikuwa amesafiri. Nilitandaza kipande cha mkanda juu ya meza ya kioo yenye taa baridi chini yake, nikachukua lenzi ya kuchunguzia negativu, na safari hii nikauona ukweli: kingo zilikuwa na maandishi ya aina mbili. NITRATE ile ilikuwa imefifia, kingo zake zimelowana, kama picha iliyopigwa kutoka kwenye picha nyingine. Mbele kidogo, kali na safi, paliandikwa SAFETY, yaani mkanda wa usalama.

"Huu ni mkanda wa pili uliozaliwa na wa kwanza," Babu alinieleza. "Mkanda wa nitreti unapowekwa juu ya mkanda mpya na kupigwa mwanga ili kunakiliwa, maandishi ya mama yanahamia kwa mtoto pamoja na picha. Mtoto ana yake pia. Ukichanganya ya mama na ya mtoto, umepotea."

Kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa hadi ikataka kukatika. Alipewa na Mhindi mwenye sinema zamani, na hakuwahi kuitupa. Kiwanda cha Kodak kilikuwa na desturi ya kuchapa maumbo madogo ukingoni kuonyesha mwaka mkanda ulipotengenezwa. Duara moja ni 1916. Mraba mmoja, 1917. Pembetatu moja, 1918. Duara mbili, 1919. Miraba miwili, 1920. Pembetatu mbili, 1921. Maumbo yanaendelea hivyo, kisha baada ya miaka 20 yanarudi mwanzo. Kwa hiyo alama moja inaweza kusema miaka mitatu tofauti, na anayesoma ndiye anayepaswa kutumia akili.

Karibu na SAFETY palikuwa na miraba miwili, mikali: 1920, 1940 au 1960. Babu akasema mkanda wa sinema wa milimita 35 wa aina hii ulikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo nakala ilitengenezwa 1960. Hapo hatukubishana.

Karibu na NITRATE, hafifu, nikizuia pumzi ili lenzi isitikisike, niliona pembetatu mbili.

"1921," nilinong'ona. "Au 1941. Ya 1961 haiwezekani, maana nakala isingemtangulia mama yake."

"Na huyo mama wa kwenye faksi alikufa lini?"

"1927."

Babu hakusema kitu. Miaka hiyo miwili, 1921 na 1941, ilikuwa na kila kitu ndani yake. Ukichagua mmoja, tuna hazina ambayo dunia nzima haina. Ukichagua mwingine, mwanamke huyu alicheza wakati Isadora ana miaka 14 kaburini.

Saa nne mlango ukagongwa. Dalali. Alikuwa ametutafuta Majengo akaelekezwa studio, na mkononi alikuwa na faksi mpya ambayo hakutaka hata kukaa kabla hajaisoma. Mnunuzi wake wa Ulaya alikuwa amemtumia kisa cha mpiga picha mashuhuri wa Marekani, Edward Steichen, aliyefuatana na Isadora na wanafunzi wake hadi Athens, Ugiriki. Isadora alimwahidi kwamba akienda naye atamruhusu kumpiga filamu akicheza juu ya kilima cha Akropolisi, kwenye magofu ya mahekalu. Walipofika akabadili nia. Akasema ni afadhali dansi yake ikumbukwe kama hadithi. Steichen akaishia kupiga picha za mnato tu, na chini ya picha hizo, ambazo ni maarufu hadi leo, huandikwa mwaka 1920 au 1921.

"Mmesikia?" Dalali alisema, jasho likimtoka. "Ugiriki! Mwaka 1921! Na nyumba ilikuwa ya Mgiriki! Je, kama kuna mtu mwingine alimpiga filamu kwa siri siku zile, mwenyeji, mkulima, mtu ambaye baadaye alihamia huku na kopo lake? Mzee, andika karatasi unithibitishie pembetatu hizo mbili. Andika tu ulichokiona. Nitakulipa."

Nisiseme uongo: moyo wangu ulikuwa upande wake. Kila kipande kilikuwa kikiingia mahali pake. Nilitaka awe yeye.

Babu akamrudishia kalamu. "Sijaona anachezea wapi," alisema. "Mjukuu wangu, mkuze."

Nikachagua fremu ambayo kitambaa kimeshuka na nyuma yake pako wazi, nikainakili kuwa negativu, nikaingiza negativu hiyo kwenye mashine ya kukuzia picha. Nikaweka karatasi kubwa kuliko zote dukani. Nikahesabu sekunde, nikazima taa, nikaitosa karatasi kwenye beseni la dawa. Sisi watatu tukainama chini ya ile taa nyekundu.

Kwanza ulitokea mkono wake. Kisha nguo. Kisha nyuma ya bega lake, taratibu, tulipotarajia nguzo za hekalu la Wagiriki, kikapanda kitu kikubwa, cheupe, cha mviringo kama bakuli lililofunikwa. Na kando yake kilele kingine, cheusi, chenye meno.

Hakuna mtoto wa Moshi asiyekijua.

"Kibo," Babu alisema. "Na Mawenzi."

Isadora Duncan hakuwahi kukanyaga Kilimanjaro. Na si hilo lililomfanya Babu ashike ukingo wa meza. Mawenzi ilikuwa imesimama kushoto.

ITAENDELEA

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Nyuma ya mchezaji umetokea Mlima Kilimanjaro, lakini vilele vyake vimebadilishana nafasi.

INAENDELEA

Ukisimama Moshi, Kibosho, Uru au kokote upande huu wetu na kuutazama mlima, Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia. Ili uione Mawenzi kushoto lazima uvuke uende upande wa Kenya, Loitokitok. Au mkanda uwe umepinduliwa.

"Umeuweka kinyume," Dalali alinilaumu.

Niliangalia upande wa dawa, ule usiong'aa. Lakini upande wa dawa hautoshi kuamua, kwa sababu mkanda unaponakiliwa, nakala inaweza kugeuka kama sura kwenye kioo. Ushahidi ulipaswa kutoka ndani ya picha yenyewe. Barafu ya Kibo ilikuwa nene, imeshuka mbali kuliko tunavyoiona sasa; tangu ilipochorwa ramani mwaka 1912 hadi mwisho wa karne ile, zaidi ya robo tatu ya barafu hiyo ilitoweka. Hiyo ilitwambia ni zamani. Haikutwambia 1921 au 1941.

Nikarudi kwenye mkanda, fremu baada ya fremu, hadi macho yakauma. Mchezaji alikuwa akisogea, na kila aliposogea aliachia kipande kingine cha ua: mgomba, ukuta wa udongo, kuku. Halafu, kwa fremu chache tu, alichuchumaa, na nyuma yake yakaonekana magunia matatu yamepangwa. Gunia la mbele lilikuwa na herufi nne zilizopinduka. Nilizikuza peke yake, nikaigeuza karatasi, nikaiinua mbele ya taa na kuisoma kwa nyuma.

KNCU.

Mtu yeyote aliyekulia mlimani anajua herufi hizo kabla hajajua kuandika jina lake. Chama cha wakulima wa kwanza wa kahawa wa Kichagga kilianzishwa 1925, na kiliitwa KNPA. KNCU ilikuja 1933. Kwa hiyo gunia lile halingeweza kuwepo mwaka 1921. Pembetatu mbili zilikuwa za 1941. Filamu ilipigwa upande wetu huu huu, uani kwa Mchagga, na mchezaji hakuwa Isadora Duncan.

Dalali alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema jambo lililonifanya nimwogope kuliko moto wa nitreti.

"Fremu za magunia ni ngapi?"

"Hazifiki 40."

"Zikate. Na zile zenye mlima nazo. Zinazobaki ni mwanamke, kitambaa na anga. Pembetatu mbili zipo, jina kwenye kopo lipo. Chama kitapata pesa yake, mimi yangu, na huko Ulaya watu watafurahi. Nani anaumia?"

Babu alimfungulia mlango atoke. Lakini mkanda ulikuwa mali ya chama, si yetu, na Jumapili baada ya misa Mwenyekiti aliitisha mkutano katika nyumba ileile ya Mgiriki, chini ya dari iliyovuja. Dalali alikuwa amewahi kufika na bahasha. Wazee waligawanyika, na siwalaumu wale waliotaka kuuza. Bei ya kahawa waliijua wao, na paa lilikuwa linadondosha maji juu ya daftari za chama wakati tukizungumza.

Nilipopewa nafasi sikuongea habari za sheria. Niliwaambia yaliyompata mwanamke mwingine. Katika miaka ya 1890 kulikuwa na mchezaji wa Kimarekani aliyeitwa Loie Fuller, aliyezungusha hariri ndefu chini ya taa za rangi hadi akaonekana kama ua au moto. Akaigwa kila mahali. Kampuni ya Lumière ya Ufaransa ikampiga filamu mmoja wa walioiga, na kwa miaka na miaka filamu hiyo imeonyeshwa ikisemwa ni Fuller. Siye. Mwanamke aliyecheza, mikono yake mwenyewe ikichoka chini ya hariri ile, hana jina. Alipewa jina la mwingine, na jina hilo ndilo lililomfuta.

"Na huyu wetu tutamfuta sisi," nilisema. "Alicheza hapa. Juu ya udongo huu. Kuna mtu aliyeshika kamera, kuna mtu mwenye magunia, kuna mtu aliyefagia ua. Tukikata fremu 40, wote hao tumewaua."

Mzee mmoja akauliza, kwa haki kabisa: "Basi ni nani?"

Sikuwa na jibu. Dalali akaanza kufungua bahasha.

Ndipo watu waliokuwa karibu na mlango wakasimama, mmoja baada ya mwingine, na kuvua kofia. Aliingia bibi mmoja wa ng'ambo ya mfongo, mfereji wetu wa maji, mwembamba, amejitanda kanga, anatembea kwa kutegemea bega la kijana. Mkononi alikuwa ameshika jani la isale. Kwa wageni wa kwetu niseme hivi: mtu akikujia na isale, hata kama mna ugomvi wa damu, unamsikiliza. Humpiti.

"Shikamoo, Bibi," Mwenyekiti alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mnataka kumuuza Mama wa shamba. Naomba nimwone kwanza."

Nilimpa picha, niliyoichapa upya ikiwa imegeuzwa sawasawa, Mawenzi kulia. Aliishika mbali na macho, kisha karibu. Kidole chake kilipita juu ya magunia, kikasimama.

"Kahawa ya baba yangu," alisema. "Uani kwetu. Mwaka niliopata kipaimara, vita vinapiganwa huko kwao. Alikuwa mke wa Mgiriki. Alikuwa akituambia kwamba alipokuwa msichana alicheza na wenzake kwenye jukwaa la mawe mlimani, mbele ya watu wengi, nguo hizihizi. Kila Jumamosi akija anasema, leo tunacheza Isadora. Sisi tulidhani ndilo jina la ngoma."

Nywele zilinisimama. Katika faksi za Dalali kulikuwa na ukurasa ambao hakuna aliyeujali: mwaka 1927 mshairi Angelos Sikelianos na mkewe, Eva Palmer, walifanya tamasha kubwa huko Delphi, Ugiriki, mabinti wakacheza mchezo wa kale katika ukumbi wa mawe kwenye miteremko ya mlima. Dada wa Sikelianos, Penelope, aliolewa na kaka yake Isadora, Raymond. Kumbe jina kwenye kopo halikudanganya mtu. Macho yetu ndiyo yaliyolisoma kwa pupa.

"Bibi," Babu aliuliza taratibu, "umesema *tulidhani*. Ninyi nani?"

Bibi akamtazama kama anayemshangaa. "Mbona mmetutoa? Tulikuwa wanne. Mabinti wanne, pekupeku, nyuma yake. Kaka yangu ndiye alikuwa akizungusha mkono wa kamera. Hapa," akagonga picha kwa ukucha, "hapa palikuwa pangu."

Babu alinigeukia, na nilijua anachofikiri, kwa maana wote wawili tulikuwa tumeuona mkato mmoja: katikati ya rili mwanamke anaruka ghafla kutoka upande mmoja wa ua hadi mwingine, kama mkanda uliokatwa na kuungwa. Kuna mtu aliyetangulia kutumia mkasi.

"Mkanda wa kwanza," nilisema, sauti ikikauka, "ule mama wa huu. Uliishia wapi?"

"Mgiriki alimwachia kaka yangu, na kaka akaniachia mimi. Ninao."

Ukumbi ukavuma. Mabinti wanne wa Kichagga, mwaka 1941, wakicheza dansi hiyo chini ya Kibo! Hata Dalali alikuwa amesimama.

"Umeuhifadhi wapi, Bibi?" Babu aliuliza. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mahali pazuri. Jikoni, darini juu ya mafiga, pamoja na mbegu za mahindi. Moshi haumruhusu mdudu."

"Na jikoni sasa hivi yuko nani?"

"Mjukuu wangu. Nimemwachia mtori, nimemwambia achochee kuni, wageni watakuja."

Babu aliitupa fimbo yake na kukimbia. Nilimpita mlangoni, nikashuka kwenye migomba, nikaruka mfongo na viatu vyangu. Nilikuwa bado sijaiona nyumba niliposikia sauti ya mtoto wa kike ikiita kutoka ndani, bila woga wowote, kama anayetuita tuone kitu cha ajabu:

"Bibi! Bibi, njoo uone! Dari yetu inatoa moshi wa njano!"

ITAENDELEA WIKI IJAYO